Mama wa Mgonjwa

Harufu ya kichwa cha mbuzi kinachochomwa nywele haijawahi kunipendeza, na kwa Mkamba hilo ni jambo la kuzua maneno. Juzi nilikuwa nyuma ya bucha moja mjini Machakos, nikisubiri supu pamoja na wenzangu, kijana akaweka kichwa juu ya moto, moshi ukatugeukia, nami nikainuka nikaenda kungojea barabarani. Wenzangu walicheka. Walidhani najifanya mtu wa Nairobi. Sikuwaeleza, kwa sababu nikianza kuieleza harufu hiyo ni lazima nieleze pia jinsi nilivyokuwa mama wa baba yangu, na supu ingepoa.

Mliokulia Ukambani mnajua mambo haya. Binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Mimi niliitwa Syombua, jina la bibi aliyefariki kabla sijazaliwa, na pamoja na jina nikapewa cheo. Baba hakuniita Syombua hata siku moja. Aliniita mwaitu, yaani mama, na hakuwa akinibembeleza tu kama watu wanavyowabembeleza binti zao. Akitoka soko la mbuzi la Katangi aliniletea mandazi yamefungwa kwenye gazeti, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akitaka kuuza beberu mkubwa aliniuliza kwanza kama nimekubali. Mama yangu naye, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi sana kwa ndugu zangu, kwangu ilibidi ajizuie, kwa kuwa nilikuwa mama mkwe wake. Nikivunja kikombe alisema tu, "Mama mkwe, sasa tutakunywa na nini?" kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu.

Watu wazima walijua kwamba huo ni utani wenye heshima ndani yake. Mimi sikujua. Niliamini kabisa kwamba nilimzaa baba, kwamba jambo hilo lilitokea zamani kidogo, na kwamba nililisahau kwa sababu nilikuwa mdogo. Nilipomweleza mwalimu wangu hivyo aliniangalia, akafikiri kidogo, kisha akaniambia niketi.

Baba alikuwa mtu wa afya ya kuudhi. Hakujua kulala mchana wala kukohoa. Alinunua na kuuza mbuzi, na kabla ya kutaja bei alimnyanyua mbuzi kwa mikono, akafumba macho, akasema uzito wake, na mizani ilipoletwa ilimtii. Mtu akiugua pale kwetu, baba alimtazama kwa mshangao, kama anayejiuliza mwenzake ameipata wapi nafasi ya kuugua.

Kisha siku moja, tukinywa chai, aliinua pua akauliza ni nani anachoma nywele. Hapakuwa na aliyechoma kitu. Alikwenda jikoni akanusa, akaenda kwenye zizi akanusa, akarudi akanusa blanketi na koti lake la sokoni. Mwishoni alikuja kwangu, akaomba ruhusa, akaninusa kichwa. "Si wewe, mwaitu," alisema, akaonekana kusikitika. Mama akamwambia labda ni mafua. Kesho yake harufu ilikuwepo tena, tena kwake peke yake, na kichwa kilikuwa kikimgonga. Homa ilipopanda tukasema ni malaria, kama tulivyosema juu ya kila homa, akanunuliwa dawa za malaria dukani akazimeza zote.

Jumapili alisisitiza kwenda kanisani. Kanisa letu lilikuwa na desturi ya kunadi sadaka za shambani baada ya ibada, pale nje kwenye kivuli cha jengo: mayai, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu. Mnadi alikuwa baba sikuzote, kwa sababu ya sauti yake ya sokoni. Siku hiyo aliuza mayai vizuri. Aliuza kuku kwa bei iliyomshangaza hata kuku. Vitu vikaisha, yeye hakunyamaza. Alimshika mkono mzee mmoja wa kanisa, akamvuta mbele, akampapasa mgongo toka shingoni mpaka kiunoni.

"Huyu amekonda kidogo," akatangaza, "lakini mifupa iko sawa. Nani ananipatia bei?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mtu mmoja wa nyuma akatoa bei, na haikuwa bei ya kumpa mzee heshima. Baba akaikataa, akamwomba mzee afungue mdomo tuone meno. Mzee, naye akiwa bado anacheka, akaufungua. Nilijivunia sana mwanangu. Mama peke yake hakucheka. Alimwona anavyotokwa jasho kama mtu aliyenyeshewa, na macho yake yalivyokuwa yakitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu, akapita katikati ya watu akamshika mkono akamtoa. Vicheko vilikatika kimoja kimoja. Mzee ndiye aliyekuwa wa mwisho kufunga mdomo.

Asubuhi iliyofuata baba alianguka karibu na zizi, akatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka juu. Alipotulia hakuweza kusema. Majirani walijaa uwanjani, na kila mmoja alikuja na ugonjwa wake. Akina mama wa kanisa walisema ni pepo, tukeshe tukiomba. Baba mdogo Kioko, mdogo wake baba, alisema huo ni mkono wa mtu, kuna watu sokoni wanaomwonea wivu, na yeye anamjua mtaalamu ng'ambo ya mto. Mama alisema hospitali. Kioko akasema hospitali itamchoma sindano za malaria imrudishe hivyo hivyo, na kwamba yeye ndiye mwanamume aliyebaki pale.

Wakati wakibishana, Noor aliingia na lori, mbuzi wa maboma mengine wakiwa tayari nyuma. Noor alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, Msomali mwenye duka mjini, aliyenunua mbuzi kwa baba tangu enzi za ujana wao. Alikuja kuchukua mbuzi wake kama kawaida. Alimwona baba chini, akauzima mtambo.

"Maneno mingi ya nini?" alisema. "Mtu ni mgonjwa, gari iko. Nani anasema hapana?"

"Sijasema hapana," akajibu Kioko. "Nasema tufuate utaratibu. Hii ni mambo ya familia."

"Basi uliza mama yake," mama akasema, na sikumbuki kumsikia akisema kwa ukali namna ile. Akaninyoshea kidole. "Si yuko hapo? Uliza yeye."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sweta ya shule. Sasa, fikirini hali ya Kioko. Mimi nilikuwa na jina la mama yake pia. Alikuwa ameniita mwaitu tangu nizaliwe, mbele ya hao hao majirani, akinichekesha na kuniomba baraka akienda kutafuta kazi. Hangeweza kugeuka siku hiyo aseme mimi ni mtoto tu. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwaitu, unasemaje?"

Niliogopa sana. Nilimtazama baba, mdomo wake ukiwa umeenda upande, nikafanya kama nilivyodhani mama wa watu wazima angefanya.

"Apelekwe hospitali," nilisema. "Na wewe Kioko, upande nyuma na mbuzi."

Alipanda. Noor hakuwa na muda wa kuwashusha wale mbuzi, basi baba alilazwa mbele juu ya mapaja ya mama, na Kioko akasafiri mpaka Machakos katikati ya mifugo, barabara mbovu, jua kali. Mama husema kwamba walipofika, muuguzi alitoka mbio na machela akamkimbilia Kioko.

Hospitali hiyo ilikuwa na daktari mmoja mwanamke, Mzungu, aliyejifunza Kiswahili chake Unguja. Alisema Kiswahili safi kiasi kwamba watu wetu waliona haya kumjibu. Walimtoa baba maji ya uti wa mgongo kwa sindano, wakayapima, na daktari akamwita mama akamweleza kwamba si malaria wala pepo. Ni virusi vimeingia kwenye ubongo, na ubongo umevimba. Mama akauliza mtu mwenye nguvu kama yule amevipata wapi. Daktari akasema yaelekea ni kirusi kile kile kinachowatoa watu vidonda vya mdomo baada ya homa, kwamba wengi wetu tunacho mwilini na hakitufanyi kitu, ila mara chache sana hupanda kichwani kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wowote, na hakuna ajuaye kwa nini kimchague huyo. Hata ile harufu ya nywele ilitoka humo humo ndani ya ubongo. Dawa ipo, ililetwa kutoka Nairobi, ikawa inaingia kwa mshipa mchana na usiku.

Mama alikuja nyumbani kubadilisha nguo akatusimulia yote hayo. Mimi niliposikia kwamba ubongo umevimba nilijiuliza kichwa kitatosha wapi. Nikaichukua kofia ya baba ya sokoni nikaificha kwenye begi la shule, ili nikipata nafasi nimpime.

Nafasi ilikuja kwa njia ambayo mama ameisimulia mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Siku za mwanzo, homa ikiwa bado kali, daktari aliketi kando ya kitanda kupima akili ya mgonjwa. Mama na Kioko walikuwa wamesimama miguuni.

"Mzee, mamako mzazi yuko wapi?"

"Yuko shule," baba akasema, kwa tabu.

"Ni mwalimu?"

"Hapana. Yuko darasa la tatu." Akapumzika. "Lakini hesabu inamsumbua."

Mama na Kioko walipeana mikono kwa furaha. Daktari aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Kioko akamuuliza kama mama yao yu hai.

"Alikufa kitambo," Kioko akasema.

"Basi pole. Nduguyo haelewi asemalo."

"Anaelewa kabisa, daktari. Yuko darasa la tatu."

Daktari alimtazama Kioko kama anayejiuliza iwapo ugonjwa huu unaambukiza. Mama akajaribu kueleza, akaanza na bibi, akaja kwangu, akarudi kwa bibi, Kiswahili kikamwishia katikati. Mwishowe daktari akasema vema, mleteni huyo mama nimwone. Kioko akamwambia asiwe na wasiwasi, Jumamosi hakuna shule.

Jumamosi nilioshwa na kupakwa mafuta mpaka nikang'aa. Watoto hawakuruhusiwa wodini, na mlinzi wa mlangoni alitusimamisha.

"Huyu ni mama wa mgonjwa," Kioko akamwambia.

Mlinzi alikuwa mtu wa kwetu. Aliniuliza naitwa nani. Aliuliza mama yake mgonjwa aliitwa nani. Akavua kofia yake. "Pita, mama," akasema. "Usikae sana, watakuona."

Daktari alipotuona alitazama nyuma yangu, akatazama mlangoni, akauliza mama amebaki wapi. Kioko akanisukuma mbele. Sina hakika kama alielewa, lakini alikuwa mtu mwenye akili na aliketi chini akasubiri. Mimi nilikwenda moja kwa moja kitandani. Baba alikuwa amekonda, na dawa ikidondoka polepole kwenye mpira. Nikatoa kofia, nikainuka kwa vidole vya miguu, nikamvisha. Ilimkaa sawasawa. Nikageuka kumwambia daktari kwamba uvimbe umeisha.

Nyuma yangu baba akasema, kwa upole, "Huyu mtoto ni wa nani?"

Nilidhani ananitania, nikacheka, kisha nikaona uso wa mama nikaacha kucheka. Nilimwambia, "Ni mimi." Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtoto wa mtu mliyekutana naye njiani. Nilikuwa na miaka minane na sijui kama nimewahi kuumia tena namna hiyo. Mbele ya watu wote wale nilikuwa nimefutwa kazi.

Dawa ilimwokoa. Daktari alisema kwamba tuliwahi, uhai umesalimika, lakini kuna sehemu za kumbukumbu ambazo kirusi kimezila na huenda zisirudi. Alitoa agizo moja, na ukilifikiria lilikuwa na busara: nyumbani kila mtu aitwe jina lake, asiitwe mama asiye mama, ili tujue mgonjwa anajua nini na hajui nini. Na asidanganywe.

Baba alirudi, na tukaanza kukagua kilichobaki. Mbuzi aliwajua wote kwa sura, na nasaba zao. Kijiko alikiita jembe, redio aliiita kuku, na alikasirika ukimletea kuku. Mke wake alimjua, lakini miaka yote tangu harusi ilikuwa imepotea, kwa hiyo kwake mama alikuwa bibi harusi wa juzi. Alimtazama kwa huruma.

"Umezeeka haraka," alimwambia.

"Ni kazi ya kwenu," mama akamjibu.

Sisi watoto tulikuwa hatujazaliwa. Alitusalimia vizuri na kutuuliza tunatoka boma gani. Nami, kwa amri ya daktari, nikawa Syombua mtupu. Nilitumwa maji, nikasugua sufuria, na siku niliyovunja sahani mama alinichapa kofi moja ambalo nadhani lilikuwa limesubiri tangu nijifunze kutembea.

Hayo yote tungeyazoea. Tatizo lilikuwa bibi. Baba alikuwa amesahau kwamba mama yake alikufa. Siku ya kwanza nyumbani aliuliza yuko wapi, na Kioko, akifuata agizo la kutomdanganya, akamwambia. Baba aliketi chini akalia kama mtu aliyepata habari saa hiyo hiyo, maana kwake ilikuwa hivyo. Hakula. Asubuhi alikuwa amesahau, akaosha uso, akauliza mama yuko wapi. Akaambiwa tena. Akalia tena, akakataa chakula tena, na dawa ya kuzuia ile mitetemeko haikupaswa kumezwa na njaa. Ikaendelea hivyo. Suruali yake ilifungwa kwa kamba ya katani. Kioko akafika mahali akasema yeye alimzika mama yake mara moja na ilimtosha, akaacha kuja asubuhi. Mama alibaki na kazi hiyo peke yake. Nilimsikia akimwambia jirani kwamba mtu aliyepona virusi sasa atakufa kwa matanga.

Nilikuwa nikimkasirikia baba, nisifiche. Nilimkasirikia kwa kumlilia bibi nisiyemjua na kunipita mimi mlangoni kila siku kama kigoda.

Siku moja nilitoka shule jua likiwa bado kali. Baba alikuwa kwenye benchi nje ya jiko, sahani ya muthokoi, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe, kando yake haijaguswa, nzi ndio waliokuwa wakila. Mama alikuwa ameinama mlangoni akichambua maharagwe. Baba akainua kichwa akauliza, "Mwaitu yuko wapi?"

Mama alifungua mdomo afanye alivyoagizwa. Nikaona hawezi.

"Niko hapa," nikasema.

Sikupanga kumdanganya wala kumtibu. Swali lilikuwa langu, nimelijibu miaka yote, likanitoka lenyewe kabla sijakumbuka daktari. Baba akageuka. Alinitazama sweta, akatazama soksi, akatazama begi, akarudi usoni, na akakaa hapo usoni kwa muda. Kisha baba akasogea kwenye benchi akaniachia nafasi, nami nikaketi. Akainama karibu na sikio langu, akapunguza sauti ili mke wake asisikie.

"Mwaitu," akasema, "huyu msichana niliyeoa ananisumbua. Chumvi anaweka nyingi. Viatu vyangu anaficha. Na kila nikiuliza uko wapi, ananiambia umekufa."

Nilimwambia nitaongea naye. Mama alikuwa ameketi kwenye kizingiti, maharagwe yametawanyika, amejifunika uso kwa leso na mabega yakitikisika, na mpaka leo hajakubali kuniambia kama alikuwa akicheka. Baba alifukuza nzi, akavuta sahani, akala.